Jina la Micajah Halimo

Cutler Fork, Kentucky
6 Februari 1988

Kwa Lorena,

Salamu. Natumai barua hii itakukuta u mzima. Huku hatujambo, isipokuwa magoti yangu, ambayo yamenigomea tangu Krismasi, na baridi, ambayo imetuulia ndama wawili. Opal anakusalimu. Najua hukuuliza.

Anwani yako nimeipata kwa kaka yako Dale. Sikuandikii ili tugombane. Tulishagombana vya kutosha siku ya harusi yangu, mbele ya watu na keki, na miaka tuliyonuniana imetosha pia. Nina kazi, na wewe ndiye uliye karibu nayo.

Chama cha Ukoo wa Haskew kitasimamisha jiwe la kumbukumbu huko Virginia mwezi wa Oktoba, kwenye shamba la kale la Absalom Haskew, aliyefariki mwaka 1747. Majina ya watoto wake yatachongwa. Mwenyekiti, bwana mmoja wa Richmond aitwaye Clifton, ameniandikia kwamba babu yetu Micajah hatachongwa, kwa sababu wosia wa Absalom unataja watoto watatu na Micajah hayumo. Anasema alikuwa mtu wa kuja tu, akajibandika jina. Yaani sisi wote wa Kentucky ni watu wa kujibandika. Babu yangu aliniambia sisi ni damu ya Absalom, na babu yangu hakuwa mwongo ila katika habari za samaki.

Mahakama ya wilaya ya Harwick iko mwendo mfupi kwa gari kutoka kwako, na vitabu vya wosia vya enzi ya mfalme wa Uingereza bado viko pale. Clifton amenitumia mistari michache tu. Nenda ukausome wosia wote kwa macho yako, uniambie. Petroli nitalipa.

Baba yako,
Everett


Millbrook, Virginia
20 Februari 1988

Shikamoo Baba,

Barua imefika. Mimi mzima. Kazi ni ileile ya kusafisha meno ya watu kwa daktari wa meno, na meno ya Virginia hayana tofauti na ya Kentucky. Pole kwa magoti. Petroli usilipe.

Nitakwenda. Lakini tuelewane mapema: mimi nitakuandikia habari za wafu tu. Habari za mke wako usiniletee. Aliingia jikoni mwa Mama kabla nyasi hazijaota kaburini, nikasema nilichosema, na hata leo sijakimeza.

Mwanao,
Lorena


Millbrook
19 Machi 1988

Shikamoo Baba,

Magoti yanaendeleaje? Mimi nina mafua, na nadhani ni vumbi la mahakama.

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Karani alininyang'anya kalamu ya wino mlangoni, akanipa penseli, akanionyesha meza. Mwandiko wa watu wale ni balaa. Asubuhi nzima iliishia kuuzoea, herufi zinalala upande kama zimelewa.

Haya, wosia ndio huu. Absalom ni mgonjwa wa mwili lakini mwenye akili timamu, anamshukuru Mungu, kisha anaanza kugawa. Mkewe Hester anapata farasi na vyombo vya ndani. Jesse anapata bunduki, ng'ombe, na mtumwa Harry. Ambrose anapata nguruwe na vyungu vya chuma. Binti yake Keziah anapata godoro la manyoya, ng'ombe mwekundu aitwaye Cherry, na mtumwa Sukey pamoja na mtoto wa Sukey. Basi. Ng'ombe katajwa kwa jina, Baba. Micajah hayumo. Nimerudia kusoma mpaka karani akaanza kunitazama.

Mezani nilikaa na Bibi Odessa Pruden, mwalimu mstaafu, mama wa Kimarekani mweusi, ambaye wazee wake wametokana na huyo Sukey. Nilipomtajia jina langu la ukoo alicheka sana. "Haskew! Mwanangu, mimi nimezisoma wosia zenu kuliko nyinyi wenyewe. Ndimo walimo watu wangu, kati ya ng'ombe na godoro." Nilikosa pa kuweka uso. Nikamwambia samahani. Akasema, "Samahani sina pa kuiandika. Nisaidie kubeba hiki kitabu." Nikambebea.

Pole, Baba. Naona Clifton hakukosea.

Mwanao,
Lorena


Cutler Fork
9 Aprili 1988

Mwanangu Lorena,

Salamu nyingi, na asante kwa kazi. Mafua yatibu kwa vitunguu kama alivyokuwa akifanya mama yako. Mimi sijambo kiasi.

Sikubaliani na wosia huo. Najua hilo ni jambo la kipumbavu kusema, lakini ndilo ninalosema. Mtu hasahau mtoto wake akakumbuka ng'ombe. Kuna kitu hatukijui. Huyo Bibi Odessa ukimwona tena, mbebee vitabu vyote anavyotaka.

Sasa la pili, na hili si la wafu, lakini lazima nikuambie. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Kwa hiyo nimekwenda kwa wakili nikaandika wosia. Dale nimempa trekta, mifugo na zana zote. Opal (nimemtaja, utanisamehe) nimempa gari na akiba iliyoko benki. Jina lako halimo. Nakuambia mwenyewe usije ukalisikia kwa Dale. Na usiniulize maswali.

Baba yako,
Everett


Cutler Fork
23 Julai 1988

Lorena,

Hujambo? Sisi tupo. Mvua ni haba lakini tumbaku imesimama vizuri. Sasa siendi shambani, nakaa barazani nawaelekeza watu kwa fimbo, na hawanisikilizi.

Sijapata barua yako tangu nilipokuandikia habari ya wosia. Clifton ameandika tena, majina yanakwenda kwa mchongaji mwishoni mwa Septemba. Kama umekasirika, nikasirikie mimi. Micajah hajakufanyia kitu.

Baba yako


Millbrook
10 Septemba 1988

Shikamoo Baba,

Natumai umeamka vizuri na moyo unajitahidi. Mimi mzima.

Nilinyamaza makusudi. Barua yako ya Aprili niliisoma nimesimama, nikaitia kwenye droo ya visu. Iliniuma, Baba. Nililia, halafu nikakasirika kwa kuwa nimelia. Nikajiambia, kama mimi si mtoto, basi Micajah naye asiwe mtoto, tukae nje wote wawili.

Aliyenitoa ni Bibi Odessa. Alinipigia simu kazini: "Umepotelea wapi wewe? Hawa makarani wanataka nibebe vitabu mwenyewe na mgongo huu?" Nikaenda. Tukiwa mezani nikamweleza yote, la Micajah na langu. Hakunipa pole. Aliuliza, "Huyo Absalom alikuwa na ardhi?"

"Alikuwa nayo," nikasema. "Kingo mbili za mto."

"Nionyeshe kwenye wosia kampa nani."

Tukausoma pamoja, yeye akifuata mstari kwa kidole bila kugusa karatasi. Bunduki, nguruwe, godoro, watu. Ardhi haimo hata ekari moja.

"Ndivyo mlivyo nyinyi," akasema. "Mnakuja hapa kutafuta jina kwenye wosia, mkilikosa mnalia. Enzi za mfalme, ardhi asiyopewa mtu kwa wosia ilikwenda kwa mwana wa kwanza. Sheria ilimpa, hapakuwa na haja ya baba kuandika neno. Wosia ulikuwa wa kuwatuliza wale wengine. Achana na nani kapewa. Tafuta nani kauza."

Tukashusha vitabu vya hati za ardhi, nikipiga chafya kila kimoja. Jioni tulimpata. Mwaka 1763, Micajah Haskew, "mwana mkubwa na mrithi wa Absalom, marehemu," anauza shamba lote la babake. Nilipiga ukelele, karani akaja na kidole mdomoni.

Nilijiuliza kwa nini alingoja miaka yote hiyo, na hati yenyewe inajibu. Inasema anauza sasa kwa kuwa Hester amefariki, mjane wa Absalom, mama wa kambo wa Micajah, ambaye mwana huyo "kwa ridhaa yake" alimwachia nyumba na shamba lote mpaka mwisho wa siku zake. Kisheria mjane alikuwa na haki ya theluthi tu. Micajah akampa yote, yeye akaenda kulima mashamba ya watu. Ndipo Clifton alipopata lile neno la mtu wa kuja. Tena kuna mkewe Micajah, Tabitha. Mahakimu walimtenga na mumewe chumba cha pembeni, kama desturi yao, wakamuuliza kama anaridhia shamba liuzwe au kalazimishwa. Akasema anaridhia. Ningependa kujua alilisema kwa sauti gani.

Nakala nimempelekea Clifton kwa barua ya rejista. Atachonga, hata kama atachonga kanuna.

Sasa, Baba, uliniambia nisiulize, nami nauliza. Dale ana trekta na mifugo. Yule mwingine ana gari na akiba. Trekta italima wapi? Shamba umempa nani?

Mwanao,
Lorena


Cutler Fork
8 Oktoba 1988

Kwa Lorena,

Pole tena kwa msiba wa baba yako, nami nakubali pole yako, kama ulikusudia kunipa. Ulikuja mazikoni ukasimama upande wa kina Dale, ukaondoka kabla ya chakula. Sikukulaumu. Nyumba ilikuwa imejaa watu na mimi mwenyewe nilitamani pa kukimbilia. Natumai ulifika salama.

Kuna jambo Dale alitaka akuambie kwa simu, nikamwomba aniachie, kwa sababu linanihusu.

Barua yako ya mwisho ilifika baba yako akiwa hai. Macho yake yalishachoka, nikamsomea mimi. Alinitaka nirudie pale pa Micajah, akapiga mkono wa kiti akasema, "Nilijua!" Nilipofika pale pa trekta italima wapi, alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Nikamwambia, "Everett, mjibu mtoto." Akasema, "Aende mahakamani. Si anajua njia?" Nilikikasirikia kiburi chake usiku ule na bado nimekikasirikia, ingawa namlilia.

Baada ya maziko nilikwenda mwenyewe, mahakama ya hapa kwetu. Shamba lote ni lako, pamoja na nyumba. Alitia saini hati kabla hatujaoana, akajiwekea haki ya kukaa mpaka kufa. Lakini kutia saini siko kuandikisha mahakamani, Lorena, na hati ile angeweza kuichana. Karani alinionyesha muhuri wa siku ilipopokelewa. Harusi yetu ilikuwa Jumamosi. Ulisema yale uliyosema ukaondoka na gari lako. Jumatatu yake baba yako alivaa suruali ya harusi, akaniambia anakwenda mjini kununua misumari. Ndiyo siku aliyoiandikisha.

Sikujua. Miaka yote hii nimekaa nyumbani kwako nikidhani nakaa kwangu. Nimeanza kufunga vitu vyangu, dada yangu wa Ohio ana chumba. Nakuomba tu univumilie mpaka tumbaku iliyotundikwa ghalani ikauke na kushushwa, kwa kuwa Dale hana wa kuwapikia vibarua. Vyombo vya mama yako viko kabatini. Sijavitumia hata siku moja, nilikuwa navifuta vumbi tu.

Opal


Millbrook
17 Oktoba 1988

Shikamoo Mama Opal,

Natumai hujambo, na kwamba unakula. Watu wa msibani husahau kula. Mimi mzima, ingawa barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara naishia kwenye misumari.

Jiwe lilizinduliwa Jumamosi. Micajah yuko wa kwanza juu, kama inavyompasa mkubwa wao. Clifton alinipa mkono akasema ukoo umefurahi, kwa uso wa mtu aliyetoka kung'olewa jino, na nyuso hizo nazijua. Bibi Odessa alikuja na kofia nyeupe. Watu walipomaliza kupiga makofi akauliza kwa sauti, "Na Sukey mtamchonga lini?" Nikasema swali hilo mimi nitaliuliza kila mkutano mpaka lijibiwe. Baba angefurahi. Baba angekuwa ameshaketi kwenye kiti cha mwenyekiti.

Nilisimama pale nikamfikiria Hester. Hakuwa mama yake Micajah, na hati haisemi kama walipendana. Inasema tu kwamba Micajah alimwachia nyumba mpaka mwisho wa siku zake.

Fungua vitu vyako. Vyombo vya Mama vitoe kabatini uvitumie, vibarua wapate kula humo. Tumbaku ikianza kushushwa nitakuja kukusaidia jikoni. Mkate wa mahindi wa kulisha watu wengi siujui, utanifundisha.

Mwanao,
Lorena