Ochieng, Mtoto Alipiga Chafya

Omera Ochieng, ndugu yangu,

Salamu utapata baadaye. Kwanza nijibu: ni wewe ama si wewe? Tangu Jumamosi nimekaa mdomo wazi kama mtu ameona ng'ombe akipanda ngazi. Mama Wesley anazunguka nyumba akijiongelesha. Na mimi, ambaye hata matangani nilikuwa napata kitu cha kuchekea, sina kicheko hata kimoja.

Wacha nikueleze polepole, maana sijui kama habari za huku zinafika huko.

Wameleta tena lile gari la moshi la zamani, la mvuke, mlilokuwa mkiendesha kabla ya dizeli kukufukuza kazi. Halibebi mizigo siku hizi. Linabeba wazungu wakiangalia milima. Wewe ulilipwa ili upakwe masizi; hao wanalipa ili wapakwe. Dunia imeharibika na hukungoja uione.

Wesley, kijana yangu, anafanya kazi ya kutembeza watalii. Akatuombea viti behewa la mwisho, tupandie Fort Ternan, tushuke Kedowa. Mimi, mama yake, mke wake Chebet, na mtoto wao aliyezaliwa juzi juzi. Huyo hukumkuta. Ulikufa mapema, kosa lako.

Huyo mtoto alikuwa na shida moja: alikosa mwenyewe. Unajua mambo ya wamama wetu. Wesley alipozaliwa ulikuwa umekaa nje na chai yangu mkononi, ukauliza, "Sasa mnaita marehemu kama mnaita kuku?" Ndiyo, tunaita. Wanataja wazee wa ukoo waliokufa, jina baada ya jina, na tumbaku kidogo karibu na pua, na jina likitajwa mtoto apige chafya, basi huyo ndiye amerudi. Kwa huyu walitaja wote. Baba yangu. Babu. Yule baba mdogo mlevi. Hata mmoja ambaye hatukutaka arudi. Tumbaku ikaisha, mtoto akalala kama chifu. Mwishowe akaitwa Kiprotich tu, kwa sababu ng'ombe walikuwa wakirudi nyumbani saa hiyo. Chebet, ambaye ameokoka na hapendi mambo ya tumbaku, alifurahi. Mama Wesley alinuna. Alisema hajawahi kuona mtoto ambaye hakuna mtu huko anamtaka.

Basi gari likaanza kupanda. Omera, lile linapanda kama mzee mwenye pumu! Miwa ya Muhoroni ikabaki kule chini, kijani yote, na mbele yetu milima, kahawa, mahindi ya watu, na yale madaraja marefu ambayo ukiangalia chini tumbo linabaki nyuma. Mimi nimeishi kando ya reli maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuona boma yangu kutoka huko juu. Ni ndogo! Kitu kinachoonekana vizuri ni choo. Wewe uliona hiyo choo kila safari na hukuniambia.

Tukafika ile kona ya shamba langu. Unaijua. Ulinieleza mara nyingi: mafuta yakiwaka yanaacha masizi kwenye mabomba ya boila, kwa hivyo stoka, mlisha moto kama wewe, anatupa koleo la mchanga kwa moto, mchanga unavutwa ndani, unakwangua masizi, yote yanatoka juu kwa bomba. Sawa, kazi ni kazi. Lakini kwa nini kila mara kwa hiyo kona, na kila mara siku ya kufua? Mashuka ya Mama Wesley yaligeuka kaniki kwa sababu yako.

Stoka wa Jumamosi simjui. Sidhani anakujua. Akatupa mchanga pale pale.

Moshi ukawa mweusi kama ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mkaa. Ukaingia madirishani. Wazungu wakapiga makofi huku wakikohoa. Na Mama Wesley, bila kufikiri, akaruka, akatoa kichwa nje, akapiga ile kelele yake ya miaka yote:

"Wewe Ochieng! Nguo zangu!"

Mtoto akapiga chafya.

Ochieng, nilimwangalia Mama Wesley na yeye akaniangalia. Alikaa chini taratibu, mkono mdomoni. Uso wa Chebet ulikuwa majivu, na si ya gari. Kisha Mama Wesley akainama kwa mtoto, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anabisha mlango wa mgonjwa: "Ochieng?"

Mtoto akapiga tena. Kubwa. Akafungua macho akatuangalia kama sisi ndio tumechelewa.

Nikasema ni masizi. Nikasema hata mimi pua inawasha, na mimi si Ochieng. Mama Wesley akanijibu: "Na tumbaku ni nini, maziwa?"

Nikafuta masizi puani mpaka Kedowa.

Unaona shida yangu? Anayerudi ni mtu wa ukoo. Wewe ni mtu wa ziwa, unakula samaki na kichwa chake, hata ng'ombe wetu walikuwa hawakuelewi. Na hiyo ni ndogo. Shida kubwa ni ule mwaka wa mishale, vijana wetu walipowafukuza watu wenu. Uliondoka kwa lori, wewe na mke wako Akinyi na kitanda na kuku, na hukusema kitu, wewe ambaye hukuwa unanyamaza hata kanisani. Halafu tukasikia umekufa. Sikuja kukuzika. Kwa jina langu hili, siku zile, huko kwenu wangenizika kando yako, na hata huko ungeninyima usingizi.

Jumapili tulikaa kikao cha jina. Kaka yangu mkubwa alikuja na fimbo yake. Alisema wazi: "Mkimpa hilo jina, siku wakirudi na mishale wataanza na yeye." Wesley akatingisha kichwa, akasema, "Baba, jina litaua mtoto." Na hapo sikuwa na mzaha, omera. Ni kweli. Nimeona mtu akiulizwa jina barabarani, na nikaona kilichofuata.

Nilijua Chebet atakataa pia. Yeye ndiye alinimaliza. Alisema, "Mimi sijui mambo ya kurudi. Lakini nimemwita Ochieng tangu jana, na amenyonya na kulala. Aliyemtuma anajua." Kisha akaendelea kumfunga nepi.

Wote wakaniangalia, maana boma ni yangu. Nikawaambia: mtoto ni Ochieng. Shuleni ni Ochieng, kanisani ni Ochieng, na chifu akiuliza, ni Ochieng. Na mtu akija kuuliza kwa ubaya, atauliza akinipitia mimi kwanza, na mimi ni mzito kidogo kusogezwa.

Kaka alichukua fimbo yake. Chai aliiacha ikitoka mvuke peke yake. Tangu hapo tunapitana njiani na hanijibu salamu, na tulinyonya titi moja. Inauma. Sitabadilisha.

Mimi bado nasema ni masizi. Lakini basi, masizi yalikuwa na kona zote za reli hiyo, kwa nini yangoje yangu?

Nakuahidi hili. Mvua ikipungua nitambeba, mimi mwenyewe, mpaka kwa Akinyi, amshike. Akinitukana nitanyamaza, akilia nitanyamaza pia. Na kwa hii boma hakuna mtu atakayemwambia aende kwao. Wakitaka kumtoa, watoe na mawe ya jiko.

Ningekuandikia kwaheri sasa, ndiyo desturi. Lakini nitakuaga aje, bwana, na unalia chumba cha pili? Mama yako ameenda kisimani. Tulia, nakuja kukubeba.

Rafiki yako,
Arap Mosonik