Tuisheni ya Sebuleni Kwetu

Morogoro Mjini,
9 Oktoba 1994

Kwa Mjomba Benedikto,

Shikamoo mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkazamjomba, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Wanaoshusha kabichi sokoni wananiambia mvua zimewahi huko milimani na njia inateleza vibaya. Mimi nina uzima wa kutosha kuandika. Usishangae mwandiko. Ninatumia mkono wa kushoto, na sababu nitakueleza.

Unajua kwamba mume wangu Thobias alipunguzwa kazi shirika lao lilipofungwa. Alikaa nyumbani muda mrefu akisikiliza redio na kugombana nayo. Baadaye akaona kampuni za watu binafsi zinazofunguliwa hapa mjini zote zinataka watu wa Kiingereza, akapaka rangi nyeusi kipande cha plaiwudi, akakisimamisha sebuleni kwa miguu ya mbao, akaanza tuisheni. Wanafunzi wake walikuwa madereva, wauzaji wa maduka, na mhudumu mmoja wa hoteli aitwaye Ernest. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya pazia, nachambua mchicha na kusikia yote.

Sitamsingizia, mjomba, Thobias alifundisha vizuri. Somo alilolipenda lilikuwa namna watu wanavyosema. Aliwaeleza kwamba kwa Kiingereza kila neno la kusema lina mwenzake wa kuonyesha umesema vipi, na huwezi kuyaoanisha ovyo. Anayekataa kabisa anakataa “flatly”. Dereva mmoja aliposema mtu anakataa “heavily”, yaani kwa uzito kama wa mzigo, darasa zima lilicheka. Anayekiri bila kushurutishwa anakiri “freely”. Asiyeficha kitu anasema “plainly”. Asiye na adabu anajibu “rudely”. Nilikuwa nayarudia maneno hayo kwa midomo tu, bila sauti, kwa sababu alikuwa amenikataza kujifunza. Alisema nyumba moja inatosha mtu mmoja wa Kiingereza.

Wanafunzi hakuwahi kuwagusa. Wa kupigwa nilikuwa mimi. Mara mbili nilipanda kwako uso umevimba, na mara zote mbili Thobias alinifuata, mkatuketisha, ukaniambia niwe namjibu taratibu, kwa sauti ya chini, kwa kuwa mwanamume aliyepoteza kazi ana kidonda ndani. Naye mbele yenu aliongea kwa upole mpaka mkazamjomba akamchinjia kuku. Hukujua kwamba wakati wa kurudi, tulipofika kwenye kijito, kabla hata hatujatoka kijijini, alinikamata nywele akanizamisha kichwa majini. Aliponitoa aliniuliza, kwa upole ule ule, kama nina jambo jingine la kuwaambia wazee. Nilipokohoa tu, akanizamisha tena.

Mwezi uliopita Ernest alimwomba mfano wa mtu anayejibu “rudely”. Thobias akaniita mbele yao, akaniuliza kwa Kiswahili kama chai iko tayari. Nikamjibu ukweli, kwamba mkaa umeisha tangu asubuhi na nilishamwambia. Wanafunzi wakacheka. Na yeye akacheka, akageukia ubao, akaandika kwa Kiingereza kwamba Rosa anajibu “rudely”, akawaambia wanakili.

Walipoondoka alipiga komeo mlango. Akang'oa mguu mmoja wa ule ubao. Pigo la kwanza nililikinga kwa mkono wa kulia, nikausikia mfupa kabla sijasikia uchungu. Nilipoanguka alinipiga mgongoni, kisha akautupa ule mti akaanza kutumia viatu, tumboni. Hakufoka. Kila teke aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Unajibuje?” nami sikuwa na pumzi ya kujibu. Jirani yetu Chausiku alisikia vile vishindo, akamwita mumewe, wakauvunja mlango wa uani. Walinibeba kwenye shuka, damu ikidondoka njia nzima mpaka barabarani, walikopata gari la kunifikisha hospitali.

Thobias alitufuata akiwa amebadilisha shati. Daktari alikuwa mama wa Kizungu ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, na muuguzi alikuwa ametoka kidogo. Basi mume wangu akamweleza kwa Kiingereza, kwa adabu zote, kwamba niliteleza kwenye ngazi nikiwa na ndoo ya maji, na kwamba mwenyewe nakiri hivyo, nakiri “freely”. Daktari akaanza kuandika. Mjomba, nilikuwa sijawahi kusema Kiingereza mbele ya mtu yeyote, na mdomo wangu ulikuwa umepasuka. Nilimwambia, “No. He beat me. I speak plainly.” Hapana, amenipiga, ninasema waziwazi.

Daktari aliweka kalamu chini. Thobias alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba, halafu akanipiga ngumi ya mdomo pale pale kitandani, mbele ya yule mama. Wahudumu wawili walimwangusha sakafuni, na mmoja aling'atwa mkono hadi nyama ikatoka. Ngumi hiyo moja ndiyo iliyomfikisha polisi. Nyingine zote za miaka yote zilikosa shahidi. Sasa yuko mahabusu. Kesi itasikilizwa mwezi huu, na daktari amekubali kutoa ushahidi, Chausiku naye vilevile, na mimi.

Sasa nikueleze nililokuficha. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Sikukwambia kwa sababu mbili zilizotangulia ziliharibika, na hazikuharibika zenyewe, kwa hiyo nilitaka hii uione imeshakua. Ilitoka kabla hawajamaliza kunifunga mkono. Alikuwa mtoto wa kike. Marehemu mama hakuzaa binti mwingine zaidi yangu, na wewe unajua kuliko mimi kwamba ukoo wetu hufuata upande wa mama, na unaendelezwa na mabinti. Chausiku alimviringisha kwenye kanga yake mpya, kisha yeye na mumewe wakaenda kumzika. Mimi sikuweza kusimama.

Yohana, kaka yake Thobias, alikuja wodini kunitaka nifute kesi. Nilimkatalia. Akasema basi Jumapili atapanda kwako na pombe, mambo ya ndani yaongelewe ndani. Mimi nitapanda Jumamosi pamoja na Chausiku. Naomba mtu atusubiri pale gari linapoishia, maana siwezi kubeba mzigo. Naomba pia lile shamba la mama, ambalo kwa mila yetu liko mikononi mwako, unipe nilime.

Yohana akifika mpe kiti, ni mgeni. Kisha mwambie mtoto wetu alikufa vipi, na umwambie mbele ya majirani, kwa sauti ambayo hata walio mashambani bondeni wataisikia. Kama utaona ni heri kumjibu taratibu, nitumie salamu kwa watu wa kabichi kabla ya Jumamosi, ili nitafute pengine pa kwenda.

Mkazamjomba msalimie sana. Mwambie nikija anipikie uji tu, meno mawili ya mbele hayapo. Wote hapo nyumbani nawakumbuka.

Ni mimi mpwa wako,
Rosa