Mfuko wa Kushoto wa Gauni la Nne

Mpendwa mshauri, vuta kiti kwanza halafu unisaidie, maana mimi fundi cherehani ninayejulikana hadi mitaa ambayo sijaikanyaga, niliyewahi kummalizia bwana harusi suti akiwa ameshaivaa na anapanda gari, leo naogopa gauni.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, amepata kuwa mhusika mkuu kwenye filamu, anaigiza mke anayeanza na furaha na kuisha kidogo kidogo, na mwongozaji akanipa kazi ya mavazi, akataka magauni manne, mtazamaji hata akizima sauti ajue moyo wa yule mama umefika wapi: la kwanza njano, la kubana, la pili limepauka, la tatu linampwaya kwa majonzi, la nne la kijivu, la kuagia. Nikamwambia umefika kwa mwenyewe, shule niliishia darasa la tano lakini kitambaa nakisoma kama gazeti. Kumbe kitambaa kipya hakina huzuni, nilikichemsha, nikakianika, nikakisugua kwa jiwe, wapi! Ndipo nikafungua sanduku la dada. Mshauri, mlikuwa na magauni manne, yamepangwa vilevile, njano juu, kijivu chini, kana kwamba dada aliijua ile hadithi kabla haijaandikwa. Nikafumua mifuko, maana kila gauni alilitia mfuko ubavuni kushoto, nikapunguza hapa na pale, nikamwambia mpwa wangu nimeyashona mwenyewe, akanisifu mbele za watu, nami sifa nikazimeza zote.

La njano lilipita salama. Alipovaa la pili, mkono wake wa kushoto ukaanza kushuka ubavuni, unapapasa, unatafuta. Mwongozaji akasimamisha kamera.

"Huo mkono umeutoa wapi? Mzuri sana!"

"Mkono upi?" mpwa akauliza.

Mshauri, dada akiwa na mawazo alikuwa akiupapasa mfuko hivyohivyo, na binti huyu alimwacha hajaota meno.

La tatu ndilo lililonimaliza. Nimepiga magoti, napunguza pindo, nikasikia juu yangu, "Kijino, umenibana kwapani." Jina hilo nilipewa utotoni nilipovunjika jino, aliyeniita hivyo ni dada peke yake, na hakuna aliye hai anayelijua. Nikamuuliza mpwa, umeniitaje? Akacheka, "Mjomba, jua limekupiga? Mbona sijasema kitu."

Limebaki la nne, atalivaa mwisho wa mwezi. Ndilo alilokuwa amelivaa dada siku tuliyomkuta kitini ameshapoa, na wanawake waliomwosha wakalirudisha sandukuni. Mfuko wake sikuufumua, kwa sababu mna karatasi iliyokunjwa, naisikia ikikwaruza chini ya pasi, nami kwa woga nikaushona mdomo kwa uzi maradufu. Nikisema kweli nitaumbuka. Nikinyamaza, naogopa atakayelivua gauni asiwe yule aliyelivaa. Nifanyeje?

Fundi wa Mavazi

JIBU

Fundi, pole. Sikucheki kwa hofu yako, ingawa ile suti ya bwana harusi kamsimulie mwingine.

Umechukua nguo za mama wa mtu, ukamvisha mwanawe bila kumwambia, kisha ukajipa ufundi wa huzuni ambayo hukuishona wewe. Dada yako alififia mbele ya macho yako, kutoka njano hadi kijivu, na wewe unayesoma kitambaa kama gazeti hukusoma hata mstari mmoja. Nadhani hilo ndilo linalokutetemesha kuliko mkono.

Mkono ule ni wa nani, sijui, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba unatafuta kitu, na aliyekishonea ndani ni wewe.

Usingoje mwisho wa mwezi. Gazeti hili likikufikia, mwite mpwa wako mchana, mlango wazi, umweleze yote kuanzia sandukuni. Gauni mpe mkononi, asilivae. Mkasi ashike yeye, akate mwenyewe uzi wako, asome karatasi yeye, na wewe ukae kimya hata kama umetajwa humo. Kisha nenda kwa mwongozaji ukaumbuke kiume, ukashone la nne jipya. Likikosa huzuni, likose.

Binti akishamaliza kusoma atainua uso. Akikuita mjomba, mkumbatie. Akikuita Kijino, itika.