Gari Linalobisha Hodi

Jumatatu, 4 Machi

Nimepeleka gari kwa wakala aliyetuuzia. Taa ya rangi ya chungwa inawaka kwenye dashibodi tangu wiki iliyopita, na mwisho wa mwezi huu nampeleka Mama mkwe kliniki ya macho, mbali, milima mitupu njiani.

Kijana wa mapokezi, tai shingoni, akanipa kahawa. Kahawa nzuri! Hapo hapo nikajua naliwa. Orodha aliyoniletea ni ndefu kuliko ya vyombo vya harusi. Oili na filta. Kuosha injini kwa ndani. Kusafisha nozeli za mafuta. Oili ya gia. Pedi za breki. Dawa ya kuondoa harufu. Mkanda wa injini. Nikamwuliza lipi la lazima. "Yote, mzee. Yote ya lazima."

Mimi ni fundi cherehani. Mtu akileta suruali iliyofumuka pindo, nikamwambia tubadilishe na zipu, na mfuko, na kiuno — huyo sitamwona tena! Nimesema naenda kufikiri. Gari la marehemu mke wangu halitanifanya mjinga.

Nilipokata kona ya kwetu, mkanda ukalia kama kawaida yake — wiiii! — na Mama alikuwa ameshafungua geti. Tangu tumzike binti yake hainuki kitini, chai mpaka apelekewe. Lakini sauti hiyo ikilia tu, huyo, anapapasa ukuta mpaka getini. Ndivyo alivyokuwa akimfungulia yeye. Mke wangu nilimwambia mara ngapi apeleke gari kwa fundi! Alikuwa akinijibu, "Liache. Gari langu lina adabu, linabisha hodi."

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua kitabu kilichokuja na gari. Bado kilikuwa kwenye nailoni yake!

Oili na filta: muda umefika, ndiyo maana taa inawaka; nabadilisha. Oili ya gia: bado sana. Kuosha injini: kitabu kizima hakijataja. Nozeli: gari halitetemeki, halitoi moshi, linawaka mara moja — naziacha. Breki: sijui, aangalie fundi. Dawa ya harufu — hapana! Kiegemeo cha kichwa bado kinanukia mafuta yake ya nywele. Hiyo nimeikata kwa mistari miwili.

Mkanda nimeuruka. Kelele haijaua mtu.

Mama akauliza nasoma nini hivyo kimya kimya. Kitabu cha gari, Mama. "Mwenzio hakukisoma hata siku moja, mkwe, na gari lilikwenda." Tukacheka. Wote wawili!

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa mtaani, Spana, banda lake liko nyuma ya duka la vyuma. Hauzi vipuri, analipwa kazi ya mikono yake tu. Akafungua gurudumu, akanionyesha pedi. Nene bado. "Mzee, hizi zitakuzika!" Kisha akakumbuka nimefiwa, akaziba mdomo kwa mkono wenye grisi. Sharubu zote nyeusi. Nikamwambia asijali, mke wangu angecheka kuliko mimi.

Halafu akafunua boneti, akaupinda mkanda kwa kidole. Nyufa kama kisigino kisichopakwa mafuta. Ubavuni nyuzi zimetoka.

Nyuzi nazijua. Mkanda wa cherehani yangu ulianza hivyo hivyo, ukakatika nikiwa katikati ya gauni la bibi harusi.

Nikauliza, ukikatika njiani? Betri haichaji, maji ya rejeta hayazunguki, injini inachemka, na usukani unagoma kama punda. Milimani! Na Mama pembeni yangu.

Nikamwuliza kama mpya unaweza kufungwa ukalia kidogo. Akanitazama sana. "Wateja wote wananiomba niwaondolee kelele. Wewe nikuwekee?" Sikumweleza. Ningeanzia wapi?

Basi yule kijana wa tai kwa hili alisema kweli. Haki yake nampa. Jumamosi mkanda unabadilishwa. Nimeamua.

Ijumaa, 8 Machi

Nilitaka kumwambia Mama leo. Nimezunguka weee — hali ya hewa, bei ya vitambaa, jirani na mbwa wake. Mwishowe nikasema tu kesho napeleka gari kwa fundi.

"Haya. Ukirudi nitasikia."

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa kwenye gari, nje ya geti letu. Daftari nimeliweka kwenye usukani.

Oili tayari. Filta tayari. Mkanda tayari. Ule wa zamani Spana amenifungia kwenye gazeti, uko kiti cha pembeni. Nimekata kona yetu — kimya. Injini inanguruma kama paka aliyeshiba. Gari zuri! Milima tutaipanda.

Geti limefungwa. Kwenye upenyo wa geti namwona Mama kibarazani, ameketi, uso kaugeuzia njia. Anasubiri mkanda ulie.

Honi ipo. Mke wangu hakupiga honi hata siku moja hapa, na mimi sitaanza leo. Nikishuka nikafungua mwenyewe, kesho nitafungua mwenyewe, na keshokutwa. Yeye atainukia nini?

Nimeshusha kioo. Nimeita hodi. Sauti imetoka nyembamba, kama ya mtoto aliyetumwa kuomba chumvi. Nimeona haya, mtu mzima kubisha hodi kwake!

Ameinua kichwa.

Nimeita tena, kwa nguvu. Mbwa wa jirani amebweka. Mama ameshika mikono ya kiti, kainama mbele, anasikiliza. Midomo inasogea ila sisikii anasema nini. Nazima injini nimsikie — anaitikia, "Karibu, mkwe," na mkono wake umeshaushika ukuta.