Vitambulisho Tulivyoacha Getini

Jumamosi, 15 Mei
Nimerudi kutoka Kawangware, miguu inawaka. Ilikuwa semina ya kikundi chetu: usimpe mtu kitambulisho ovyo, uchaguzi wa Agosti unakaribia, vyama vinaandikisha watu bila wao kujua. Ambrose wa kanisa letu ndiye alifundisha. Huyu kijana Mungu amempa mdomo! Nilienda na binti yangu Jentrix, na Fatna mwenye duka pale Makina.

Kuna kitu kilinichekesha. Getini soja alitudai vitambulisho, vile majengo ya Nairobi hufanya. Tukatoa — wote! Akavitia kwa sanduku la viatu, akaandika na namba zetu za simu, tukaingia kufundishwa tusimwachie mtu kitambulisho. Fatna ndiye aligutuka tukinywa chai. "Wee Mama Jentrix, chako kiko wapi?" Alicheka mpaka chai ikamwagikia buibui.

Jumanne, 18 Mei
Sicheki tena. Jentrix alienda interview ya ukarani wa uchaguzi. Kazi tuliyofunga kula tukaiombea! Wakamwambia hafai, ni mwanachama wa chama. Chama gani? Mtoto hajawahi kuvaa hata tisheti ya siasa. Wakamwonyesha: aliandikishwa Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo ya Kawangware.

Amepewa hadi Jumatatu ijayo awe amejiondoa, la sivyo nafasi inaenda kwa mwingine. Amelala kifudifudi, hataki chakula. Na ni mimi nilimvuta kwa ile semina, eti twende ukaelimike.

Jumatano, 19 Mei
Fatna ameangalia orodha ya vyama kwa simu — naye yumo, hata mimi! Amefoka mpaka wateja wakasimama. "Nikiomba hiki kitambulisho niliketishwa mbele ya wazee, nikaulizwa babu, na babu ya babu, kama kweli mimi ni Mkenya. Leo naingizwa chama bila swali hata moja!"

Tukaandika kwa WhatsApp ya kikundi. Hata dakika haijaisha, Ambrose akajibu: poleni akina mama, ni yule soja, tutamshtaki.

Haraka hivyo? Hajauliza mtu.

Ijumaa, 21 Mei
Tumeenda kwa soja, mimi na Fatna. Anaitwa Shivachi. Nilimsalimia Kiluhya, akalegea kidogo. Anasema sanduku halikumtoka mkononi ila saa ya chai, alipokuja bwana mmoja wa kikundi chetu, mwenye miwani, kulichukua, eti anahesabu waliofika. Akaingia nalo ofisini akafunga mlango.

Mwenye miwani ni Ambrose pekee.

Fatna hakunyamaza njia nzima. "Huyo ametuuza kama nyanya!" Mimi sijui. Soja naye anaweza kudanganya, si analinda kazi yake? Ambrose alibeba jeneza la baba Jentrix. Alilia kutushinda sisi wenyewe. Ee Bwana, nisimzulie mtu. Lakini mbona mlango ufungwe?

Jentrix sijamwambia. Yeye Ambrose humwita uncle.

Jumapili, 23 Mei
Kanisani Ambrose alikaa mbele yetu. Wakati wa kutakiana amani aligeuka akanishika mkono. Hakuniangalia machoni. Ama ni mimi sikumwangalia?

Tukitoka alimwambia Jentrix asijali, anajua mtu wa kumtoa kwa chama kesho asubuhi. Anahitaji kitambulisho chenyewe, si kopi. Atapitia leo saa kumi. Mtoto akamkumbatia mbele ya watu wote!

Nyumbani nikamwambia, hebu twende wenyewe kesho, mimi na wewe. Akaniwakia. "Mama, hata Uncle Ambrose? Kesho ndiyo mwisho na hujui hata ofisi iko wapi. Unataka niuze mboga kama wewe?" Ikaniingia. Lakini nikikosea? Kama kijana ni safi, mimi ndiye nimemnyima mwanangu kazi.

Akaenda kuoga, kitambulisho akakiacha mezani.

Nimekikalia. Mama mzima, na rozari shingoni! Naandika hapa kwa sofa nimekikalia, ndiyo nionekane niko na shughuli. Jentrix amepekua meza, mkoba, hata chini ya kapeti.

"Hodi! Mama, mko?"

Ni yeye. Ameingia, amevua viatu, anauliza kama chai iko. Sauti tamu vile vile. Jentrix anamwambia ngoja kidogo uncle, kilikuwa hapa sasa hivi.

Jentrix ananijia. "Mama, hebu simama niangalie hapo."

Namwambia ngoja, namalizia kuandika.