Aliyekuja Karakana Nikiwa Sipo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linakusumbuaje siku hizi? Sisi huku wazima. Mjukuu wako kaota meno mawili na anatung'ata wote bila ubaguzi.

Mama, tangu ulipoondoka kwangu sijatulia. Unakumbuka tajiri wa karakana alivyotangaza mbele ya mafundi kwamba mimi ndiye nitakuwa msimamizi? Ghafla akaanza kunikwepa. Nikimsalimia, anajibu huku akitazama matairi. Mwishowe akasema tusubiri kwanza, cheo hakina haraka.

Nikajua kuna mkono wa mtu. Nilianza kumshuku Kipara, fundi wa breki, maana siku ile hakupiga makofi. Nikamchunga mpaka nikawa siachi hata chai yangu mezani. Kumbe maskini, ndiye aliyekwenda kuuliza kwa nini nacheleweshwa.

Basi nikamgeukia mume wangu. Wema wake ukanitia wasiwasi: anapika, anamwogesha mtoto, wala hanuni. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Nikamuuliza kama ndiye aliyenichongea kwa tajiri. Akaweka mwiko chini, akasema, "Kama unaniona hivyo, basi hunijui."

Jana nikambana tajiri mwenyewe. Akajikuna kichwa, akasema ananihurumia tu, asije mume wangu akanikimbia kama baba yangu alivyokukimbia wewe ulipofungua duka.

Mama, pale karakana sijawahi kumwambia mtu habari za baba.

Nikamuuliza ulikuja lini. Akasema ni siku niliyokwenda kununua vipuri. Ulikaa juu ya tairi, ukalia, ukamsihi aninyime cheo aniokolee ndoa. Nililia na mimi, kwanza kwa hasira, kisha kwa kukumbuka ulivyoteseka. Lakini baba hakufukuzwa na duka lako. Duka hilo ndilo lililotusomesha.

Nilimwambia tajiri ndoa yangu haitengenezwi karakana. Akakubali; Jumatatu naanza usimamizi. Mume wangu nimemwomba radhi. Amenisamehe, ila vyombo vya wiki hii ni vyangu.

Mdogo wangu wa kike akitaka kusomea umeme, tafadhali usimwendee mwalimu wake. Mwambie tu asifupishe hatua kwa kuogopa kuachwa. Wa kumwacha atamwacha hata akiwa ameketi.

Nimekukasirikia, Mama, na nakupenda. Njoo tena. Safari hii ukifika karakana, mwulizie msimamizi.

Mwanao,
Kifungua mimba wako