Nilivyomfuata Fairuz Milimani

Bondeni, Mombasa

Kwa mdogo wangu mpenzi Tumu,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, presha imeshuka, na shemeji Ubaid mgongo umempa nafuu. Sisi huku hatujambo, ila magoti yangu ndiyo yenye kesi. Leo siku ya tisa hupokei simu zangu, basi nampa Zakariya barua hii akuletee mkononi hapo Malindi.

Uliniagiza nimfuate Fairuz Uswisi, nimrudishe aolewe na mwanao Jaffar. Nilikwenda. Mwanangu, mashallah, ndiye kiongozi wa wageni milimani, si mbeba mizigo wala mpishi, kiongozi! Akaniambia hana nafasi ya kunisikiliza mpaka amalize safari ya siku nne, basi nijiunge na kundi lake. Wageni wanane, mimi wa tisa.

Tumu, usidanganywe na zile picha. Watu wale ni wajinga waliosoma. Treni ipo, inapanda mpaka juu, nao wanatembea! Saa sita, saa saba kwa siku, wakifika wanatafuna mkate mkavu na jibini, ati wamepumzika. Nyumba zao za wageni huko juu mnalazwa wote chumba kimoja, unapewa makubazi yaliyokwisha kuvaliwa na dunia nzima, na maji ya moto dakika tatu. Waongozaji wetu wa Ngome ya Yesu wanakumalizia habari za Wareno wote kwa nusu saa, ukarudi nyumbani kunywa chai.

Fairuz alisema mkoba uwe mwepesi, kila mtu hubeba wake. Sasa mimi niingie nyumba tatu za watu mikono mitupu? Nilificha kilo tatu za halua chini ya nguo, kilo kwa kila mwenye nyumba. Siku ya pili nikakaa njiani, siendi mbele wala nyuma. Fairuz akaufungua mkoba mbele ya watu, akauliza ni nini hii. Nikamwambia ni heshima. Akasema heshima hii itaniua, akaikata papo hapo akawagawia. Bwana mmoja, Morgan, aliyejisifu tangu asubuhi kwa milima aliyopanda, alilamba vidole kama hakulelewa.

Mchana tukafika mahali njia ina upana wa mswala, huku jabali lenye mnyororo, huku hakuna kitu. Morgan huyo huyo akakaa chini akalia. Mwanangu hakupaza sauti. Alimwambia atazame buti lake tu, akamvusha hatua moja moja, kisha akanirudia mimi. Nami nisiyemtii mtu tangu baba yetu afariki, niliweka mguu pale aliponionyesha mtoto niliyemzaa.

Jioni ya mwisho nilimfikishia maneno yako. Hapa mdogo wangu nakuomba ukae kitako. Nilikupigia nikakwambia Fairuz amekataa, nawe ukawaeleza jamaa wote kuwa Ulaya imemharibu. Nilisema uongo. Fairuz hakukataa. Alisema nikimwambia arudi atarudi, hatanivunjia neno, na buti zake atamwachia mwenzake.

Mimi ndiye niliyekataa. Nilimfikiria Jaffar, ambaye mpaka leo unamchagulia kanzu ya Idi, na akivuka feri ya Likoni anakupigia kukuambia amefika. Ni mwanangu pia, nampenda. Lakini nimtoe yule kule juu, nimlete amngojee huyu amwulize mamake kama chai inywewe sasa au baadaye? Sikuweza, Tumu. Nikamwambia abaki, kisha nikaogopa ulimi wako, nikamtwika yeye lawama.

Basi hasira zako nipe mimi, na wale uliowaambia waambie upya, mmoja mmoja, kwa jina langu.

Nisalimie shemeji Ubaid na Jaffar, mwambie mama mkubwa anamwombea mke mwema wa karibu na nyumbani. Usipopokea simu Ijumaa, Jumamosi nipo mlangoni kwako.

Wako aliyekukosea,
Fadhiya, mama yake Fairuz